Treni ya Mezani Ilivyopata Sauti

Baba yangu, Mzee Selestini, aliendesha treni kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu akaendelea kuendesha treni ndani ya nyumba yetu Bangwe, Kigoma. Sitanii. Chumba alichokuwa akilala kaka yangu Yona alikigeuza stesheni. Aligongomea meza ya mbao kuzunguka kuta tatu, akalaza juu yake reli ndogo zilizotoka Ulaya, akachora ziwa upande mmoja na vilima vya kwenda Uvinza upande mwingine. Kwenye reli hizo kilipita kichwa cha treni cha dizeli ambacho ukikilaza juu ya rula ya mwanafunzi hakifiki mwisho wake, kikivuta mabehewa manne. Yona ni mpishi kwenye meli ya mizigo. Kila meli yao ilipotia nanga Hamburg alinunua kitu kimoja, na alipokuja likizo alikitoa kwenye begi kikiwa kimeviringishwa ndani ya soksi.

Treni ile haikuwa na sauti yake, isipokuwa mlio mwembamba wa mota, kama mbu. Sauti aliitoa baba. Alinguruma kooni injini ikiwa imesimama, akaongeza mngurumo treni ilipoanza kupanda, akabana midomo na kupiga honi ilipokaribia kivuko. Majirani waliozoea hawakushangaa tena. Mgeni aliyepita njiani angesimama kidogo na kutazama upande wa reli, ingawa kutoka kwetu reli ya kweli iko mbali.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, baba alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea na maneno yakamwondoka. Baada ya miezi minne ya mazoezi alitembea kwa fimbo, lakini katika maneno yote ya Kiswahili na Kiha aliyokuwa nayo yalirudi mawili tu, na yote ya Kiha: ego, yaani ndiyo, na oya, yaani hapana.

Siku aliporudi kwenye chumba chake cha treni nilimfuata, nikasimama mlangoni. Aliwasha umeme kwa mkono wa kushoto. Kichwa kikaondoka, mabehewa yakafuata. Nikaona anakunja midomo, anajaribu, na hakuna kinachotoka zaidi ya pumzi. Treni ilizunguka mara tatu kimya kimya, akazima. Alikaa pale mpaka nikamwita kula.

Nilimweleza Yona kwa simu. Akasema, "Frida, kuna kitu kinaitwa dekoda. Nitakituma."

Dekoda, nilikuja kujifunza baadaye, ni saketi ndogo inayofichwa ndani ya kichwa cha treni. Inapokea amri kupitia reli zenyewe: nenda, simama, washa taa, piga honi. Ile aliyoituma Yona ilikuwa na kazi ya ziada, ya kutoa sauti ya injini kupitia spika ndogo. Alituma pamoja nayo kidhibiti kipya cha kushika mkononi na kifaa cha kuunganisha na kompyuta. Vyote vilifika salama. Kilichokosekana ni mtu wa kuvifunga.

Fundi wa kwanza niliyempelekea, pale mjini, alicheka. "Mwalimu, hili si toi la mtoto? Nunua lingine." Wa pili hakucheka, ila alitaka kukifungua kichwa kwa bisibisi nene kama kidole, nikakichukua na kuondoka. Ndipo mwalimu mwenzangu aliponiambia kuna mwanamke anatengeneza simu Mwandiga, karibu na wanakouza ndizi.

Marcelina alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, mwembamba, mwenye miwani ya kukuza vitu iliyofungwa kichwani kwa lastiki. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo kabla hajazaliwa. Aliacha shule kidato cha pili, akajifunza ufundi kwa mjomba wake aliyekuwa akitengeneza redio. Nilimwekea kichwa cha treni mezani, nikajiandaa kuchekwa tena.

Alikigeuza juu chini, akayazungusha magurudumu kwa kidole, akauliza, "Mota yake inagusa bodi?"

"Sijui maana ya swali lako," nilimwambia.

"Umeme wa reli ukifika kwenye mota moja kwa moja, bila kupita kwenye hii dekoda, dekoda itaungua. Kwa hiyo lazima mota itengwe na kila chuma kinachoizunguka." Akavua miwani. "Sijawahi kukifanya hiki, Mwalimu. Sitaki kukudanganya. Ila nikipewa muda nitakielewa."

Maelezo yalikuwa ya Kijerumani. Aliyapiga picha ukurasa kwa ukurasa, akayatafsiri kwa simu, akayaandika upya kwenye daftari kwa maneno yake, na michoro ya nyaya: mbili za reli, mbili za mota, mbili za spika, nyingine za taa. Nililiona daftari lile. Nimesahihisha madaftari kwa miaka kumi na minne na sijawahi kuona maelezo yaliyonyooka vile.

Jumamosi iliyofuata alikuja Bangwe na vifaa vyake kwenye mkoba wa kitenge.

"Shikamoo Mzee," alisema.

Baba aliinua mkono wa kushoto kuitikia. Aliitazama pasi ya kuchomelea, akaitazama mikono ya Marcelina, akavuta kiti karibu.

Marcelina alifanya kazi kwa saa tatu. Alitenga mota, akapima kwa mita ya umeme, akapima tena, akachomelea nyaya nyembamba kama nywele. Kisha akarudisha ganda la juu na kukaza skrubu. Tulipoweka kichwa kwenye reli kukatoka harufu ya plastiki iliyoungua na uzi mmoja wa moshi.

Marcelina alikifungua tena pale pale, akakitazama kwa ile miwani yake, akaona kilichotokea: skrubu ya mwisho, ilipokazwa, ilisukuma kibanio cha mota kikagusa chuma cha chini.

"Nimeiunguza mimi," alimwambia baba. "Nilipima kabla ya kukaza. Nilipaswa kupima baada ya kukaza pia. Kosa ni langu, si la kifaa."

Nilitegemea baba akasirike, maana vitu vile alivitunza kuliko saa yake. Badala yake aliinuka, akaliendea kabati, akatoa picha ya zamani. Alikuwa yeye, kijana, amesimama kando ya kichwa cha treni kilichoacha reli na kulala ubavu. Nilijua habari ya picha ile, nikamweleza Marcelina: ilikuwa mwaka wake wa pili kazini, aliingia kwenye njia ya pembeni kwa mwendo mkubwa kupita kiasi, na alipoulizwa alijibu kwamba kosa ni lake. Baba alimwachia Marcelina ile picha aishike, akamgonga bega mara mbili.

Dekoda nyingine aliyoituma Yona ilichukua wiki saba kufika. Katika wiki hizo Marcelina hakukaa bure. Alitengeneza kikaratasi cha plastiki cha kukinga kile kibanio. Aliona pia kwamba spika iliyokuja ilikuwa na sauti ya bati, akaiacha, akachukua spika ya simu iliyokufa na kuijengea kasha dogo kutoka kwenye kadi ngumu ya laini za simu, akaziba pembe zote kwa gundi. "Spika bila kasha ni ngozi ya ngoma bila mzinga wake," aliniambia. Kasha lenyewe lilikuwa dogo kuliko kipande cha sukari.

Safari hii alipima kabla ya kukaza, akapima baada ya kukaza, akanipa mita nipime na mimi. Kichwa kikawekwa relini. Akabonyeza kidhibiti, na injini ikaanza kuzunguka, ikakohoa, ikashika, ikanguruma ndani ya kile chumba. Akapiga honi, jogoo wa jirani akaitika.

Nilimgeukia baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Aliiacha treni izunguke mara moja, mara mbili. Kisha akasema, kwa upole lakini bila kusita, "Oya."

Mimi ndiye niliyevunjika moyo. Marcelina alivuta kigoda akaketi mbele ya baba.

"Mzee, sauti haijatoka vizuri?"

"Oya."

"Kwa hiyo imetoka vizuri, ila si yenyewe."

"Ego."

"Ni honi?"

Baba alifikiri. "Oya."

"Ni injini. Hii ni injini ya kwao, siyo ya kwetu."

"Ego." Kisha akanyoosha kidole kuelekea kwenye kichwa cha treni, akakunja uso kutuonyesha kwamba bado kuna jambo. Alichukua kile kidhibiti, akakitia kichwa mwendo, akakisimamisha, akakitia mwendo tena. Kila mara alitutazama. Mimi sikuona kitu. Marcelina aliomba arudie, mara ya nne, mara ya tano, akiwa ameweka sikio karibu na meza.

"Vinaanza pamoja," alisema hatimaye. "Sauti inapanda na magurudumu yanazunguka wakati ule ule. Kumbe treni ya kweli, injini hutangulia. Inanguruma kwanza, mzigo unakataa, halafu ndiyo magurudumu yanafuata. Ni hivyo, Mzee?"

Baba alipiga meza kwa kiganja. "Ego, ego, ego."

Sijui ni wangapi kati yetu tunaoishi Kigoma, mwisho wa reli, tuliowahi kulisikia jambo hilo. Mimi nimezaliwa na dereva wa treni na sikuwahi.

Hilo la pili Marcelina alilirekebisha siku ile ile, kwa kubadilisha tarakimu kwenye mpangilio wa dekoda mpaka injini ikatangulia kwa pumzi mbili. La kwanza lilikuwa kubwa zaidi. Dekoda ile iliruhusu kufuta sauti na kupakia nyingine, lakini sauti ya vichwa vya treni vya kwetu haipo kwenye duka lolote duniani. "Basi tutaenda kuichukua," Marcelina alisema, kama mtu anayesema ataenda kuchota maji.

Tulimwendea mkuu wa stesheni ya Kigoma, na aliposikia jina la baba alituruhusu kusimama mahali salama na kurekodi. Marcelina alikuwa na simu mbili, na kila moja ameizungushia sponji ya godoro kukinga upepo. Alirekodi injini ikiwa imesimama, pampu ya hewa ikifunga na kufungua, breki zikiachia, vichwa vikipanga mabehewa. Honi ilitutesa. Siku ya kwanza, honi ilipolia, muuza mihogo alikuwa akitangaza biashara yake nyuma yetu. Siku ya pili bajaji ilizima kando yetu na dereva wake akagombana nayo. Siku ya tatu Marcelina alitembea peke yake kandokando ya njia mpaka kwenye kivuko cha mbali, akasubiri juani zaidi ya saa mbili, akarudi na honi safi, ndefu, ya sekunde tisa. Uso ulikuwa umejaa vumbi, na alikuwa akicheka.

Lakini injini ikiwa na mzigo huwezi kuichukua ukiwa umesimama stesheni. Ilibidi tupande treni. Tulikaa behewa la kwanza, karibu kabisa na kichwa, tukaenda mpaka Uvinza. Kwenye bonde la Luiche treni ilikimbia kwa wepesi, na mwinuko ulipoanza, injini ikabadilika, ikawa nzito, ya kifuani. Marcelina alinyoosha mkono nje ya dirisha, ameshika simu kwa kamba aliyoifunga kwenye kifundo, na hakuushusha mpaka mwinuko ulipokwisha. Abiria mmoja alimuuliza anafanya nini. "Namrudishia mzee mmoja sauti," alijibu. Yule abiria akasogea kumpisha nafasi, akawaambia na wengine wapunguze kuongea. Tulilala Uvinza, tukarudi kesho yake kwa basi.

Kilichofuata ndicho ninachokikumbuka zaidi. Mkono wa dereva wa kuongezea nguvu ya injini una hatua nane, na madereva huziita nochi. Kila nochi ina sauti yake, na dekoda ilihitaji kila moja ikatwe peke yake. Marcelina alikuwa na saa tatu za mngurumo mfululizo na hakujua nochi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Kwa hiyo kila Jumapili, Wakristo wakishatoka kanisani, alikuja kwetu, akaweka kompyuta mezani na kumpa baba vipokea sauti vya masikioni.

Baba alifumba macho. Kisha kidole kimoja kikainuka. Baada ya muda, viwili. Vitatu. Mkono mmoja una vidole vitano tu, kwa hiyo walipofika ya sita alipiga meza kwa kiganja na kuongeza kidole kimoja. Marcelina aliandika dakika na sekunde. Pale ambapo dereva alishusha kutoka nochi ya saba hadi ya tano ghafla, baba alifumbua macho na kuguna, kama mtu anayemkosoa mwenzake kazini. Mara moja Marcelina alimjaribu: akarudisha kipande kile kile bila kumwambia, akitaka kujua kama atakitaja vile vile. Alikitaja vile vile, kisha akamtikisia kidole.

"Nimekamatwa," Marcelina alisema, akaona haya.

Nilikuwa nikipika huku nikiwasikiliza. Huyu mtu ambaye hospitali walimpa kadi za picha za kikombe na kiatu, wakamhesabia alama kwa kushindwa kuvitaja, alikuwa amekaa chumbani kwake akisoma injini kama Padre anavyosoma Misa. Na mwanamke wa kidato cha pili alikuwa akimwandikia, haachi hata sekunde moja ipotee. Niliwaheshimu wote wawili kwa namna ambayo sikuwahi kumheshimu mtu wa karibu.

Ilichukua Jumapili tano kukata na wiki nyingine kuunganisha, maana kila kipande kilitakiwa kijirudie bila sikio kugundua kiungo. Marcelina alizipakia sauti kwenye dekoda, baba akasema oya. Alirekebisha, oya. Mngurumo wa nochi ya tatu ulichelewa kushika, akataka kuuharakisha, baba akakataa kwa nguvu zote, ubaki unavyochelewa. Ilipofika mara ya tano, kichwa kilinguruma, kikasita, kikavuta mabehewa yake manne, kikapanda kilima cha mbao kikilalamika kama kilivyolalamika kile cha kweli baada ya Luiche, na kiliposhuka upande wa pili injini ikatulia, magurudumu yakabaki kuimba peke yake.

Baba hakusema ego. Alikaa tu, machozi yakimtiririka, anaendesha.

Mchana ule ule alikuja Mzee Martini, aliyekuwa msaidizi wa baba kwenye treni kwa miaka mingi na baadaye dereva mwenyewe, sasa mstaafu kama yeye. Tulimsikia akibisha hodi uani, kisha hatukumsikia tena. Nilipotoka nilimkuta amesimama chini ya dirisha la chumba cha treni, kofia mkononi.

"Frida," aliniuliza kwa sauti ya chini, "hicho si kile kichwa chetu kinachochelewa kwenye nochi ya tatu? Kimeingiaje humu?"

Nilimshika mkono nikamwingiza ndani. Alipokiona kile kidude mezani alitafuta kiti. Baba alimkabidhi kidhibiti, na wale wazee wawili wakapeleka treni Uvinza na kuirudisha mara nyingi mno, Martini akisema yote na baba akijibu kwa maneno yake mawili, na nadhani hawakupungukiwa na kitu.

Marcelina alikuwa anakusanya vifaa vyake aondoke. Baba alimzuia kwa mkono. Akafungua droo, akatoa daftari jeusi. Mzee Martini alilitambua, akamweleza Marcelina: kichwa kikitoka karakana, dereva hukikagua, na kabla ya kukipeleka safari huandika na kutia sahihi kwamba amekipokea. Baba alianza kuandika kwa mkono wa kushoto, akinakili maneno ya ukurasa wa zamani, na jina la fundi kutoka kwenye daftari la Marcelina. Herufi zilikuwa kubwa na zimepinda, na mstari mmoja ulimchukua muda mrefu. Hatukumsaidia.

Marcelina alisoma kwa sauti: "Kimekaguliwa. Kinafaa safari. Fundi, Marcelina." Chini yake kulikuwa na sahihi ya baba.

Alikaa na lile daftari kidogo, akilitazama. Kisha akafungua tena mkoba wake wa kitenge, akatoa ile miwani.

"Mzee, breki za mabehewa bado hazilii," alisema. "Naweza kuweka spika ndogo kwenye lile la mwisho. Nianze leo?"

"Ego," baba alisema, akamsogezea taa.